Jogoo wa Mtani

Mikutano mitatu ya kijiji iliisha kwa kicheko, na kila tulipomaliza kucheka mtaro ulikuwa umesogea. Ulianzia nyuma ya ukuta wa kiwanda cha ngozi, upande wa magharibi wa ziwa, ukapita chini ya mikaratusi, ukakata kona ya uwanja wa mpira wa shule, ukashika njia ambayo wanawake huitumia kwenda kuchota maji upande wa mashariki. Ulikokuwa unaelekea kila mtu alikujua. Ulikuwa unaelekea bustanini kwa mama yangu mkubwa, kwa kuwa hapo ndipo kiwanda kilipotaka kuweka mdomo wa bomba lake la pili.

Bomba la kwanza lilikuwa limeshamaliza kazi yake.

Watu wa Kilosa mjini huliita ziwa letu bwawa. Sisi tunaliita ziwa, na sioni sababu ya kuwaomba radhi. Ukisimama ukingoni humtambui mtu aliyesimama ng'ambo. Unaona rangi ya kanga yake tu. Nimelibeba ziwa hilo kichwani miaka mingi. Nilipomaliza kidato cha nne Mikumi niliondoka, na tangu hapo sikutulia mahali. Nimekata miwa Ruhembe, nimebeba magunia ya vitunguu Lumuma, nimeuza makava ya simu Tunduma, nimelinda mashine ya kusaga mawe Kahama. Kila nilipochoka na mji nilikuwa nikikumbuka harufu moja: matete mabichi yakichanganyika na perege wanaokaangwa, asubuhi, upande wa mashariki, mama mkubwa akinifulia shati la shule huku akimtukana mtu fulani kwa furaha. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo. Huyu dada yake ndiye aliyenilea, na kwangu ni mama bila neno la kuongeza.

Nikarudi. Nilishuka treni ya umeme Kilosa, nikachukua bodaboda, na kabla hatujalifikia ziwa dereva alivuta kola ya fulana yake akaifunika pua.

"Utazoea, kaka," akasema.

Sikuzoea mpaka leo, na sitaki kuzoea. Ilikuwa harufu ya mayai yaliyooza, chokaa, na nyama iliyosahaulika juani. Upande wa magharibi maji yalikuwa na rangi ya buluu iliyokolea, kama mtu amemwaga kopo la rangi ya milango. Povu lilikuwa limeganda kwenye matete, na ndani ya povu kulikuwa na manyoya ya ng'ombe. Perege walikufa wa kwanza. Kambale, ambao huweza hata kutambaa kwenye tope wakitafuta maji mengine, walistahimili kidogo, kisha nao wakaelea. Wanawake waliokuwa wakifulia pale walikuwa na miguu iliyochunika mpaka katikati ya vidole.

Cha kuudhi ni kwamba mwanzoni tuliwalaumu wafugaji. Ndivyo tulivyo; kikiharibika kitu chochote huku, macho yanamtafuta mtu mwenye fimbo na ng'ombe. Mpaka siku ng'ombe wao wenyewe waliposimama ukingoni, wakanusa, wakageuka wakiwa na kiu. Ng'ombe walikataa. Sisi tulikuwa bado tunajadiliana.

Sasa nieleze kuhusu mtani, kwa sababu bila yeye hasira yangu haieleweki.

Kiwanda kilikuwa na meneja ambaye hatukuwahi kumwona nje ya gari. Aliyetumwa kuzungumza na wananchi alikuwa mtu mwingine, mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kujaza uwanja. Siku ya mkutano wa kwanza alisimama mbele, hakumwambia mtu shikamoo, wala wazee waliokaa kwenye viti vya mbele. Watu wakaanza kuguna. Akataja kabila lake. Miguno ikageuka kelele za furaha.

Watu wa kwao na sisi ni watani. Zamani za misafara, babu zao walipita hapa na mizigo kichwani wakielekea pwani, wakalala kwetu, wakanywa maji ya ziwa hili, na utani ukaanzia hapo. Mtani hasemi shikamoo. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, anaweza kuchukua kuku wako akaenda zake, na wewe unacheka.

"Babu yangu alimwacha babu yenu hapa alinde mzigo mara moja," alisema. "Akamwambia, nakuja sasa hivi. Mpaka leo bado mnalinda! Nani kawaambia mjenge nyumba?"

Mama mkubwa akasimama. Alikuwa akimsubiri mtu kama huyo kwa miaka.

"Babu yako alipita hapa na pembe za ndovu kichwani mpaka shingo ikaingia tumboni," akasema. "Ndiyo maana na wewe huna! Jamani, mwangalieni, kichwa kimewekwa juu ya mabega kama chungu juu ya mafiga!"

Watu walianguka. Mtani alimfuata, akamnyang'anya kapu lake la perege wakavu, perege wa mashariki, wa mwisho kwa msimu ule, akaliweka kichwani akacheza nalo. Mama mkubwa alicheka mpaka akakaa chini. Mkutano ulikuwa umeitishwa kujadili maji. Uliisha hivyo. Alipokuwa akipanda gari mtani alisema kwa sauti kwamba ameona watani wake hawana neno na bomba, na mwenyekiti wa kijiji, akiwa bado anafuta machozi ya kicheko, akaitikia kwa kichwa.

Wiki ile mtaro ulitoka ukutani.

Mkutano wa pili mwanamke mmoja alileta beseni la kambale waliokufa. Aliliweka mezani mbele ya mwenyekiti. Niliona watu wanakaza nyuso, nikasema moyoni, sasa. Mtani alilitazama beseni. Akavua kofia. Akapiga magoti, akamkumbatia kambale mmoja mkubwa, akaanza kulia kama mjane.

"Umeniacha na nani, baba watoto! Jana tu uliniambia unakwenda kuoga! Nani atanipandisha kitandani na masharubu yako!"

Nani angeweza kujizuia? Hata mwanamke aliyeleta beseni aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Kambale wale walikuwa ndio mboga ya nyumba yake. Mtani aliomba achangiwe ubani, watu wakamrushia vibiriti na vipande vya sabuni, na mkutano ukavunjika. Mtaro ukafika mikaratusi.

Nilikuwa nikimuuliza mama mkubwa jioni, nyumbani, "Mama, huoni anachofanya?"

"Naona."

"Mbona unacheka?"

"Mtani hakasirikiwi."

"Lakini yule hajaja kama mtani. Analipwa mshahara."

Aliendelea kuchambua mchicha. Mchicha ule ulikuwa wa bustani ile ile. Ana vitalu vya mchicha, nyanya chungu na matembele, na kipande cha mpunga kinachoshuka mpaka majini. Pembeni mwa mpunga ndipo pa kuchotea maji, penye mawe makubwa aliyoyapanga mama yake. Upande wote wa mashariki hauna pengine pa kuchotea, kwingine ni matete na tope. Bomba lingemwaga pale, kijiji kizima kisingekuwa na maji ya kunywa, na yeye asingekuwa na chochote. Mjomba wangu, kaka yake, alikuwa amestaafu zamani kazi ya shamba la mbegu Kilangali, na alikuwa mgonjwa wa moyo, hatoki kitandani. Wote wawili walikuwa wakila kutoka kwenye bustani ile.

"Nikimkasirikia," akasema baadaye, "nimekuwa nani mimi? Babu zangu wote watanicheka."

Nadhani hapo ndipo hasira yangu ilipoanza kukosa pa kukaa. Kiwanda kilikuwa kimepata, sijui kwa kubahatisha au kwa kujua, ufunguo wa mlango wetu. Wangetuletea polisi tungewapigia yowe. Wangetuletea mwanasheria tungemzomea. Walituletea mtani, na mbele ya mtani sisi hatuna silaha.

Mkutano wa tatu nilisimama mwenyewe. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri. Nikauliza swali moja: kama maji yanayotoka bombani ni salama kama mnavyosema, kwa nini msiyamwage upande huo huo wa magharibi, kwa nini mnataka na mashariki?

Mtani alinitazama juu mpaka chini.

"Huyu ni mwananchi wa hapa?" akawauliza watu. "Mbona namfahamu? Si huyu yule anayeishi stendi? Nimemwona Tunduma stendi, nimemwona Kahama stendi. Jamani, huyu hana kwao, huyu ana tiketi!"

Watu wangu walicheka. Watu niliosoma nao, watu walionizikia mama yangu.

"Jibu swali," nikasema.

"Maji salama? Watani, nikifa mimi leo, msihangaike. Nichoteeni pale pale bombani, mnioshe. Nitafika kwa Mola nang'aa kama kiatu kipya!"

Sikumbuki nilichosema baada ya hapo. Najua nilimtukana tusi la kweli, lisilo la utani, na kwamba wanaume wawili walinishika mikono nikiwa nimeshamfikia. Kisha mzee mmoja kwenye viti vya mbele akasema kwa masikitiko, "Amekasirika."

Kwetu utani una sheria moja ambayo haijaandikwa popote. Anayekasirika ndiye mwenye kosa. Hutoa jogoo, na mpaka jogoo huyo apokewe, utani kati yao umesimama. Hawataniani, hawashikani, wanasalimiana kama wageni. Basi nikatozwa jogoo. Nilimnunua sokoni, mwekundu, mzito, nikamkabidhi mtani mbele ya watu, naye akampokea palepale, akambusu kichwani, akasema atamla kwa ndizi. Na alimla. Aliniambia mwenyewe, kwamba alikuwa mgumu kidogo, kama mwenye kumtoa.

Mtaro ukakata uwanja wa mpira. Mwenyekiti akatangaza kwamba mkutano wa nne utakuwa wa kuridhia, watu watanyoosha mikono, yaishe. Nilishafunga begi langu. Nilijiambia nitakwenda Songea, kuna mtu aliniahidi kazi ya kuendesha mashine ya kukoboa, na kwamba kijiji kinachocheka wakati kinapewa sumu hakinihusu.

Mjomba akafariki kabla sijaondoka. Alifariki asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na dada yake, kwa ule moyo wake uliokuwa umechoka siku nyingi. Begi likarudi chini ya kitanda.

Msibani watani huja bila kuitwa, na wana kazi zao. Wao ndio huchota maji, huchanja kuni, huchochea moto, na katikati ya kazi hiyo huchekesha wafiwa ili wasizimie kwa huzuni. Yule wa kiwanda alikuja na gari la kiwanda, gunia la mchele, sukari, na katoni za maji ya chupa. Sitaki kumdhulumu: alikuwa mtani hodari. Alikwenda kwanza makaburini, akaingia ndani ya kaburi lililokuwa bado linachimbwa, akalala, akasema hatoki mpaka apewe soda. Kisha akaja nyumbani, akatwaa kofia na koti la marehemu, akaanza kutembea uani akiwa ameinama, mkono mmoja mgongoni, akiokota punje zisizokuwepo na kuzitazama kwa jicho moja. Mjomba alikuwa akitembea hivyo hivyo. Miaka yake yote ya Kilangali ilikuwa kwenye mwendo ule. Wanawake wa ukoo walilia na kucheka pamoja. Nilicheka na mimi, na nikajichukia.

Ndipo mama mkubwa alipotoka ndani. Alikuwa amefunga kanga kiunoni, macho yamevimba. Alibeba ndoo mbili tupu, akaziweka miguuni pa mtani.

"Mtani, kazi ya mtani ni nini?"

"Kula pilau yenu."

"Kabla ya pilau."

"Maji," akasema mtani akicheka. "Nimeleta, bibi kizee. Katoni nzima, ya baridi. Marehemu wako ataoga kama waziri."

"Kaka yangu haoshwi kwa chupa. Kachote ziwani. Na usihangaike kwenda mbali. Chota pale pale bombani, ulipotuambia tukuoshee wewe. Wewe hujafa bado. Wetu amekufa, na maji yenyewe ulishayasifia."

Watu walipiga makofi. Lilikuwa jibu zuri la utani, na mtani mwenyewe alilikubali kwa kuinama. Alizichukua ndoo, akaweka moja kichwani, na watu wapatao nusu ya msiba wakamfuata, wanawake wakiimba nyimbo za kumcheka. Mimi nilifuata nyuma. Nilidhani naangalia kichekesho kingine.

Tulifika magharibi. Povu lilikuwa limejaa mpaka kwenye nyasi. Bomba lilikuwa linatapika, maji yakitoka kwa mshtuko, yakinyamaza, yakitoka tena. Mtani alisimama mbali kidogo na ukingo, akiwa amevaa viatu vyake vizuri vyeusi.

"Vua viatu," akasema mama mkubwa. "Ziwani kwetu hatuingii na viatu."

Akavua, polepole, bado akitabasamu. Akakunja suruali. Akaweka mguu kwenye tope, akautoa, akaurudisha.

"Huchoti maji ya maiti bila udhu," akasema mama mkubwa. Ijumaa zote mtani alikuwa akiswali nasi, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia. Mama mkubwa alimpa kopo. "Tia udhu kwanza."

Aliinama akachota. Maji yalikuwa na rangi ndani ya kopo, si ziwani tu. Yalibaki buluu hata yalipokuwa kidogo. Alinawa vidole. Akatazama kopo.

"Sukutua," akasema mama mkubwa.

"Bibi, utani una mwisho wake."

"Mwisho wake uko wapi? Tuonyeshe, sisi hatujawahi kuuona. Sukutua, mtani."

"Sukutua!" mwanamke wa beseni la kambale akadakia. Wengine wakapokea, wakicheka, wakipiga makofi kwa mpigo: "Su-ku-tua! Su-ku-tua!" Kilikuwa kicheko kile kile cha mikutano yote mitatu, ila sasa kilikuwa kimemgeukia. Nilimwona akiinua kopo mpaka kidevuni. Harufu ilimpiga. Uso wake ukabadilika, shavu moja likaanza kucheza lenyewe.

Alilitupa kopo.

"Mnataka kuniua?" akapiga kelele. "Mnataka niweke hii takataka mdomoni? Nyie mmezoea, mimi sijazoea! Mna wazimu?"

Kopo lilibiringika mpaka kwenye tope. Hakuna aliyecheka. Bomba lilitapika, likanyamaza. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa akiyasikia maneno yale mara ya pili, kichwani, taratibu.

Yule mzee aliyenitoza mimi naye alikuwa amekuja, kwa fimbo yake. Alisema kwa sauti ile ile ya masikitiko, "Amekasirika."

"Jogoo," akasema mama mkubwa.

Mtani alivaa viatu bila kufuta miguu. Alipita katikati yetu bila kumtazama mtu, akaliendea gari lake, akaondoka na koti la mjomba bado likiwa mabegani.

Niseme jambo moja lijulikane. Mjomba hakuguswa na maji yale. Tuliporudi, mama mkubwa alinipeleka nyuma ya jiko akanionyesha mitungi imejaa, imefunikwa kwa majani ya mgomba. Aliijaza mashariki mwenyewe alfajiri, kaka yake akiwa bado anapumua, kwa sababu alijua siku imefika. Mjomba alioshwa kwa maji hayo, tukamzika.

Siku chache baadaye mtani alirudi. Alileta jogoo wawili, weupe, wamefungwa miguu kwa uzi mzuri, na koti limefuliwa limekunjwa. Alisimama uani akisubiri. Mama mkubwa alipokea koti.

"Na hawa?" akauliza mtani.

"Kaa nao."

"Bibi, nimekosa, nimeleta wawili badala ya mmoja."

"Kosa la msibani ni la ukoo. Ukoo haujakaa bado. Utakaa ukikaa."

Alielewa. Nilimwona akielewa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikumwona kama kichekesho. Bila jogoo kupokewa, hakuwa mtani wetu. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda amesimama uani kwa watu na kuku wawili mikononi.

Mkutano wa nne ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha ya ofisi ya kijiji. Mtani aliingia uwanjani, akapita mbele ya viti vya wazee, akasimama. Uwanja mzima ulikuwa ukimsubiri afungue mdomo.

"Shikamooni wazee," akasema.

"Marahaba," wakaitikia.

Akamgeukia mama mkubwa. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

Basi. Tangu hapo alikuwa mtu wa kuulizwa maswali. Alijaribu kuanza na mzaha mmoja kuhusu suruali ya mwenyekiti. Ulianguka chini na hakuna aliyeuokota. Mwanamke wa kambale akamuuliza samaki wamekufa kwa nini. Akasema wataalamu wanachunguza. Akamuuliza, "Wewe kopo ulilitupa kwa nini? Wataalamu walikuwa wameshakwambia?" Watu walisimama mmoja mmoja. Walionyesha miguu yao. Mfugaji mmoja alisimama akasema ng'ombe wake sasa hunywa mashariki tu, na kwamba bomba likifika huko atahama, na sisi tutabaki hatuna hata wa kumlaumu. Kulikuwa na hasira pale, hasira iliyokuwa imekaa chini ya vile vicheko vyote kama makaa chini ya jivu, na nilimwona mwenyekiti akivuta kiti chake nyuma kidogo.

Alipowataka wanaoridhia wanyooshe mikono, mikono haikuwepo. Alipouliza wanaokataa, mama mkubwa alinyoosha yote miwili, na mzee wa fimbo akanyoosha fimbo.

Ningependa kuandika kwamba ziwa limepona. Halijapona. Bomba la kwanza bado linatapika ninapoandika haya. Wamekuja watu wa mazingira kutoka mbali, wamechukua maji kwenye chupa ndogo, wamekwenda nayo, na chupa zile ndizo pekee zilizowahi kuondoka hapa zikiwa na haraka. Upande wa magharibi bado ni buluu. Watoto waliozaliwa karibuni wanadhani ndiyo rangi ya maji. Hilo likinijia nikiwa nakula huweka kijiko chini.

Begi langu bado liko chini ya kitanda. Mtu wa Songea amepiga simu mara mbili, nikamwambia asubiri, na sasa hapigi.

Mtaro uliishia hatua kadhaa kabla ya bustani. Waliouchimba hawakurudi kuufukia. Mvua zilipoanza ulijaa maji, na mama mkubwa, ambaye haachi ardhi yenye unyevu ikae bure, akapanda magimbi ndani yake, mstari mrefu unaorudi kuelekea uwanja wa mpira. Majani yake sasa yamefika kifuani. Juzi tulikuwa tukipalilia humo, yeye mbele, mimi nyuma, gari la kiwanda likapita barabarani. Mtani alikuwa dirishani. Alipunguza mwendo, akatazama. Mama mkubwa hakuinua kichwa. Gari likaondoka.

"Alikuwa anachekesha, yule," akasema.

Nilidhani amemaliza.

"Toka afukuzwe utani, hakuna mtu aliyenitukana vizuri." Alipiga jembe, akang'oa jani bovu, akalitupa nje ya mtaro. "Babu zake walikuwa wakifika hapa wanatua mizigo, wanapiga magoti pale kwenye mawe, wanakunywa kwa viganja. Mama alinisimulia. Wanakunywa wanatutukana, wanakunywa wanatutukana."

"Si umpokelee jogoo wake, basi."

"Bomba bado linamwaga?"

"Bado."

"Basi akae nao," akasema, na akaendelea kupalilia.